Kupro: Kila Upande na Mwaka Wake

Mwezi uliopita nilikigusia kisiwa cha Kupro, kule mashariki mwa Bahari ya Mediterania, kwa aya moja tu, na aya hiyo imenipa kazi. Maswali yamekuja kutoka Tanga hadi Bukavu. Nimechukua yale yaliyorudiwa na wengi, na mengine mawili matatu kwa sababu yalinifurahisha. Jina kwanza tulimalize: wenye Biblia mnakijua kama Kipro, waliopita madrasa wanasema Qubrus, redioni mnasikia Saiprasi. Ni kilekile. Mimi nasema Kupro.

Shikamoo Mwalimu. Hivi Kupro ni nchi moja au mbili? Ramani ya shuleni kwa mwanangu inaonyesha moja, lakini mdogo wangu aliyeko huko anasema amevuka mpaka. (Msomaji, Tanga)

Marahaba. Ramani haijakosea, na mdogo wako hajadanganya. Kisheria ni nchi moja, Jamhuri ya Kupro, iliyopata uhuru tarehe 16 Agosti 1960. Ni mwanachama wa Umoja wa Mataifa, na tangu 1 Mei 2004 ni mwanachama wa Umoja wa Ulaya. Lakini serikali yake, iliyo mikononi mwa Wakupro Wagiriki, amri yake inafika kusini tu. Kaskazini, zaidi kidogo ya theluthi moja ya kisiwa, kuna utawala wa Wakupro Waturuki uliojitangaza tarehe 15 Novemba 1983 kuwa Jamhuri ya Kituruki ya Kupro ya Kaskazini. Una rais, bunge, trafiki barabarani na mihuri ya kila aina. Anayeutambua duniani ni Uturuki peke yake. Baraza la Usalama, kwa azimio namba 541 la mwaka huohuo, lilisema tangazo lile ni batili.

Katikati unapita ukanda unaolindwa na Umoja wa Mataifa, urefu wake kilomita 180. Mashambani kuna mahali upana wake unazidi kilomita saba. Ndani ya mji mkongwe wa Nicosia, mji mkuu, ni hatua chache tu, mtu wa upande huu angeweza kumrushia wa upande ule kibiriti. Kwa hiyo hapa chini nikisema "kaskazini" au "kusini" nataja mahali, sitoi hukumu. Huko hata jina la mtaa lina miba.

Nani alianza? Nipe jibu la moja kwa moja, usizunguke. (Msomaji, Nakuru)

Unanibana, ndugu yangu, lakini hili ndilo swali lenyewe.

Muulize Mkupro Mgiriki, atakuambia yote yalianza 1974. Muulize Mkupro Mturuki, atakuambia 1963. Kila upande una mwaka wake, na mwaka huo ni ule ambao wao ndio waliofukuzwa nyumbani. Ukiujua mwaka wa mtu umekwishajua hadithi atakayokusimulia, na hadithi zote mbili zina ukweli ndani yake. Nianze nyuma kidogo.

Waosmani walikitwaa kisiwa kutoka kwa Wavenisi mwaka 1571, na hapo ndipo Waturuki walipoanza kuhamia. Mwingereza akakabidhiwa usimamizi wake 1878, akakimeza kabisa 1914, akakifanya koloni rasmi 1925. Wagiriki walio wengi hawakudai uhuru kama tulivyoudai sisi. Walidai muungano na Ugiriki, wakauita enosis. Kundi la EOKA likaanza vita vya msituni na mabomu ya mjini tarehe 1 Aprili 1955. Mwingereza akaajiri Waturuki kwa wingi katika polisi wa akiba ili wapambane nalo. Mkenya hahitaji kuelezwa ujanja huo unazaa nini. Waturuki, ambao walikuwa kama 18 katika kila 100, walipoona kwamba muungano ungewafanya wachache ndani ya Ugiriki, nao wakaja na neno lao: taksim, yaani kukigawa kisiwa. Wakaunda kundi lao la silaha, TMT.

Uhuru wa 1960 haukumpa mtu yeyote alichokipigania. Katiba ilipangwa Zurich na London mwaka 1959 na Ugiriki, Uturuki na Uingereza. Wakupro wenyewe waliitwa kuweka saini. Rais lazima awe Mgiriki, makamu lazima awe Mturuki, kila mmoja na kura yake ya turufu. Bunge lilikuwa na viti 50, 35 vya Wagiriki na 15 vya Waturuki. Kazi za serikali ziligawanywa 70 kwa 30. Wagiriki wakanung'unika kwamba watu 18 wanapewaje 30, Waturuki wakajibu kwamba bila hizo 30 watamezwa. Na nchi tatu zikajipa cheo cha wadhamini, pamoja na haki ya kuingilia kati mambo yakiharibika. Nyumba ya mtu, wadhamini watatu, na wawili wao hawaelewani.

Novemba 1963 Rais Makarios alileta mapendekezo 13 ya kubadili katiba, mengi yakiwapunguzia Waturuki kinga zao. Tarehe 21 Desemba risasi zikalia Nicosia. Waturuki wapatao 25,000 walikimbia vijiji vyao wakajikusanya katika vitongoji vilivyozingirwa, na wengine walikaa humo miaka. Huo ndio mwaka wao. Tarehe 30 Desemba jenerali wa Kiingereza, Peter Young, alichukua kalamu ya kijani akachora mstari kwenye ramani ya mji, na mpaka leo unaitwa Mstari wa Kijani. Wazee wa Unguja wataukumbuka msimu huo kwa sababu zao wenyewe, maana mstari ule ulichorwa katikati ya uhuru wa tarehe 10 Desemba na mapinduzi ya tarehe 12 Januari. Machi 1964 Umoja wa Mataifa ukaleta askari wa kulinda amani. Azimio lilisema wakae miezi mitatu. Bado wapo.

Sasa mwaka wa pili. Tarehe 15 Julai 1974 wanajeshi waliokuwa wakitawala Ugiriki kutoka Athens walimpindua Makarios ili kisiwa kiwe chao. Ikulu ikapigwa mizinga, redio ikatangaza amekufa, kumbe alikwishatoroka hadi Paphos, na kutoka huko akajitangaza redioni yuko hai. Walimweka badala yake Nikos Sampson, mtu aliyejulikana kwa bunduki dhidi ya Waturuki. Hakumaliza hata siku kumi. Tarehe 20 Julai Uturuki ikateremsha majeshi pwani ya kaskazini, ikidai inatumia haki yake ya mdhamini. Kama ingeishia hapo, huenda leo tungekuwa tunasimulia mengine. Utawala wa kijeshi wa Athens ukaanguka wiki hiyohiyo, Sampson akaondoka, mazungumzo yakafunguliwa Geneva. Halafu tarehe 14 Agosti jeshi la Uturuki likasonga mbele tena na kushika zaidi ya theluthi ya kisiwa. Wagiriki zaidi ya 160,000 walikimbilia kusini wakiacha nyumba, mashamba ya machungwa na makaburi ya wazazi. Waturuki makumi ya maelfu wakahamia kaskazini. Raia waliuawa pande zote mbili, wengine wakafukiwa visimani.

Jibu la moja kwa moja ulilotaka, basi: 1963 Wagiriki wenye silaha waliwaonea majirani wao walio wachache. 1974 Athens iliwasha moto, na Ankara, yaani Uturuki, ikaja kuuzima, ikabaki na nyumba.

Mwalimu, mbona mnazunguka? Hii si vita ya Uislamu na Ukristo tu? (Msomaji, Mombasa)

Hapana, na nitakupa sababu nisizochoka kuzitoa.

Makarios aliyepinduliwa 1974 alikuwa Askofu Mkuu wa Kiorthodoksi. Waliompindua walikuwa maofisa Wakristo wa Kiorthodoksi. Tena, tarehe 11 Aprili 1965, wanachama wawili wa vyama vya wafanyakazi, Derviş Ali Kavazoğlu aliye Mturuki na Kostas Misiaoulis aliye Mgiriki, waliuawa kwa risasi ndani ya gari moja kwenye barabara ya Nicosia kwenda Larnaca. Kosa lao ni kusema kwamba watu wa kisiwa wanaweza kuishi pamoja. Kavazoğlu alikuwa amekwishatishwa na watu wa taifa lake mwenyewe.

Ukirudi nyuma zaidi, enzi za Waosmani kulikuwa na watu walioitwa Linobambaki, maana yake kitani na pamba. Hadharani Waislamu, nyumbani Wakristo, jina la msikitini na jina la ubatizo kwa mtu yuleyule. Wengine walifanya hivyo kukwepa kodi, wengine kwa hofu, na wengine, nadhani, kwa sababu ndivyo bibi alivyofanya. Waingereza walipoanza kuhesabu watu kwa dini, kitani na pamba vikalazimika kuchambuliwa.

Na wewe uliyesoma Bukhari unaijua habari ya Ummu Haram bint Milhan, khalati yake Anas bin Malik. Mtume aliota nyumbani kwake watu wa umma wake wakipanda bahari kama wafalme kwenye viti vya enzi, naye akaomba awe miongoni mwao. Akaenda na jeshi la majini la Muawiya, na walipofika nchi kavu akaanguka kutoka kwenye mnyama wake akafariki. Kaburi analohesabiwa kuwa lake liko Larnaca, kando ya ziwa la chumvi linalojaa heroe wakati wa baridi. Larnaca ni kusini, upande wa Wagiriki, na idara yao ya mambo ya kale ndiyo inayolitunza. Kwenye ncha ya mashariki upande wa kaskazini kuna monasteri ya Mtume Andrea. Ilipokuwa inaelekea kuanguka, kamati ya pamoja ya wataalamu wa jamii zote mbili iliikarabati, na fedha zilitoka kwa Kanisa la Kupro na kwa Evkaf, ofisi ya wakfu ya Waturuki. Neno hilo la wakfu halihitaji mkalimani kwetu.

Dini iliwapa watu mahali pa kusimama wakati wa kupanga mistari. Ugomvi wenyewe ulikuwa juu ya bendera ya nani ipepee.

Seminari ya Waorthodoksi pale Riruta, Nairobi, ina jina la Makarios III. Ndiye huyuhuyu? (Msomaji, Kiambu)

Ndiye. Na namna alivyofika kwetu ni hadithi ya kikoloni isiyo na mfano.

Machi 1956 Waingereza walimkamata Makarios wakidai anaiunga mkono EOKA, wakaamua kumpeleka Shelisheli. Kisiwa cha Mahé hakikuwa na uwanja wa ndege wakati huo, kwa hiyo yeye na wenzake watatu walipitishwa Kenya, na Mombasa wakaingizwa melini. Tazama walikopelekwa: Shelisheli ndiko walikofungiwa Kabaka Mwanga wa Buganda na Omukama Kabalega wa Bunyoro, na ndiko alikopitia Sayyid Khalid bin Barghash wa Unguja. Himaya ile ilikuwa na kabati moja la kufungia wafalme wa kila rangi.

Kenya nayo ilikuwa katika hali ya hatari. Kanisa la Kiorthodoksi la Waafrika, lililoshikamana na shule huru za Wakikuyu, lilikuwa limepigwa marufuku na serikali hiyohiyo iliyomfukuza Makarios kwao. Kanisa lile na Makarios waliachiwa kwa zamu zao. Mwaka 1971 Makarios alirudi Kenya akiwa rais na askofu mkuu kwa pamoja, akapokewa na Jomo Kenyatta, ambaye naye alikuwa mfungwa wa Mwingereza, akabatiza umati wa watu na kuweka jiwe la msingi la seminari unayoiuliza. Kwa hiyo ukipita Riruta ukaona jina lile, ujue halikuletwa na wamisionari tu. Makarios alikufa Agosti 1977, kisiwa chake kikiwa vipande viwili.

Wakala ameniambia kuna chuo Cyprus, ada nafuu, "ni Ulaya", na nikishafika naweza kuingia Ujerumani. Nilipe? (Mwanafunzi, Morogoro. Swali kama hili limetoka pia Bukavu na Kisumu.)

Usilipe leo. Kaa chini kwanza.

Muulize wakala neno moja: kaskazini au kusini? Akijibu "Cyprus ni Cyprus", chukua faili lako uondoke. Karibu kila mara anazungumzia kaskazini. Huko kuna vyuo vikuu zaidi ya 20 katika eneo dogo, na Waafrika wamejaa: Wanigeria, Wakongo, Wazimbabwe, na wetu. Sisemi vyuo vyote ni vibaya. Mwanafunzi wangu wa zamani alisoma uhandisi Famagusta, mji wa pwani huko kaskazini, akamaliza, leo ana kazi yake na haoni haya kutaja chuo chake. Lakini alikwenda akijua anakokwenda.

Kaskazini si Ulaya kwa mambo yanayokuhusu. Kisiwa chote kwenye karatasi kiliingia Umoja wa Ulaya 2004, ila sheria za umoja huo zimesimamishwa kaskazini mpaka suluhu ipatikane. Hata kusini kwenyewe, nchi zilizoingia pamoja na Kupro mwaka ule zilijiunga na eneo la Schengen, la nchi za Ulaya zinazovukana bila ukaguzi wa pasipoti, Desemba 2007, Kupro ikabaki nje. Kwa hiyo hiyo Ujerumani ya wakala iko mbali mara mbili.

Utatua uwanja wa Ercan. Ndege zote za huko lazima zipitie Uturuki, kwa sababu dunia haiutambui uwanja huo. Serikali ya kusini inahesabu kwamba aliyeingia nchini kwa Ercan ameingia kwa mlango usio halali. Raia wa Ulaya hasumbuliwi, lakini wewe mwenye pasipoti ya Tanzania, Kongo au Kenya hutaruhusiwa kuvuka kwenda kusini kwa kibali cha mwanafunzi wa kaskazini. Wapo waliovuka kwa njia za panya usiku wakaomba hifadhi, na wapo waliokwama katikati, katika ukanda wa Umoja wa Mataifa, wakilala kwenye mahema miezi mingi, huku hawapokelewi na kule hawarudi.

Ukipata tatizo hakuna ubalozi wa nchi yako kaskazini. Hakuna ubalozi wa nchi yoyote ila Uturuki. Wa kwenu ulio karibu uko Ankara, ng'ambo ya bahari.

Fedha nazo: ada hutajwa kwa yuro, maisha ni kwa lira ya Kituruki ambayo thamani yake imekuwa ikiporomoka, bei za vitu zikipanda. "Utafanya kazi ulipie ada" ni wimbo wa mawakala. Kazi inahitaji kibali, na mwanafunzi anayefanya kazi bila kibali hana wa kumlalamikia asipolipwa. Anayechelewesha ada anaweza kupoteza usajili, na usajili ukipotea kibali cha ukaazi kinafuata. Hapo ndipo wasichana na wavulana wetu wanapoangukia mikononi mwa watu wabaya, na taarifa za usafirishaji haramu wa binadamu zimewataja wanafunzi wa huko mara nyingi.

Kabla ya kutoa hata shilingi, wapelekee TCU, tume ya vyuo vikuu ya Tanzania, jina la chuo na la shahada, uulize kama wataitambua utakaporudi. Kenya waulizeni CUE. Andikia chuo chenyewe, si wakala, kiasi cha ada ya miaka yote. Tafuta mwenzako aliyeko mwaka wa pili au wa tatu, wa mwaka wa kwanza bado ana haya ya kusema ukweli. Na uwe na fedha ya mwaka mzima mkononi kabla ya kupanda ndege. Ukishindwa sharti hili la mwisho, basi jibu langu ni hapana.

Watu wa huko wanavuka huo mstari au wanachungulia tu? (Msomaji, Dodoma)

Wanavuka. Kwa miaka 29 ilikuwa karibu haiwezekani, mpaka tarehe 23 Aprili 2003 kaskazini walipofungua vizuizi ghafla. Watu walipanga foleni usiku na mchana. Wengi walikwenda kwanza kugonga mlango wa nyumba yao ya zamani. Wengine walifungiwa, wengine wakakaribishwa kahawa na kupewa picha za harusi ambazo mgeni aliyehamia alizihifadhi miaka yote bila kujua ni za nani. Aprili 2008 ukafunguliwa mtaa wa Ledra katikati ya Nicosia. Siku hizi mtu anaonyesha kitambulisho, anavuka kununua dawa, mafuta ya gari au jibini, anarudi.

Pale Famagusta mwanafunzi wangu alikuwa akiona kutoka ufukweni mahoteli marefu ya Varosha, mtaa wa watalii ulioachwa Agosti 1974, madirisha matupu, miti imeota vyumbani. Tangu Oktoba 2020 sehemu yake imefunguliwa na watu wanapita humo kwa baiskeli za kukodi. Wenyewe walioukimbia hawajarudishiwa.

Kuna kituko cha saa pia. Mwaka 2016 Uturuki iliacha kubadilisha saa wakati wa baridi, kaskazini ikafuata, kusini ikakataa. Kipindi kile cha baridi mtu alivuka mtaa mmoja akapoteza saa nzima. Mwaka uliofuata kaskazini wakaona tabu, wakarudi kwenye saa ileile ya kusini. Mswahili, mwenye saa zake na za Kizungu kichwani tangu utotoni, angeyamudu.

Lakini ninachokipenda mimi ni maji taka. Mabomba ya Nicosia hayajui siasa, bonde linateremka kuelekea kaskazini. Mwishoni mwa miaka ya 1970 mameya wawili wasiotambuana rasmi, Lellos Demetriades wa kusini na Mustafa Akıncı wa kaskazini, walikaa wakakubaliana mfumo mmoja wa majitaka kwa mji mzima. Viongozi wakubwa walishindwa kukubaliana jina la meza, hawa wawili wakajenga choo cha pamoja. Akıncı baadaye akawa kiongozi wa kaskazini.

Wanakula nini? Usicheke. (Mama lishe, Temeke)

Sicheki, mama, nilikuwa nangoja nani ataniuliza. Wanakula magimbi! Wagiriki wa huko wanayaita kolokasi, Waturuki kolokas, na wanayapika kwa nyama na nyanya kama wewe. Mgiriki wa Athens ukimwekea magimbi mezani atakuuliza hiki ni nini. Mkupro ana masharti yake: gimbi likishamenywa halioshwi, wala halikatwi kwa kisu likaisha, unachoma kisu kidogo kisha unalivunja kwa mkono, ati lisitoe ute.

Ute wenyewe wanaupata kwingine. Waturuki wa Kupro wana mboga waipendayo kupita kiasi, molohiya, wanaianika majani na kuipika na nyama au kuku. Ni mlenda. Wakenya wa Magharibi, ni mrenda wenu uleule. Mwanafunzi wangu aliuona sokoni Famagusta umekaushwa, akasema hapo ndipo alipolia kwa mara ya kwanza tangu afike.

Jibini yao, halloumi kwa Wagiriki na hellim kwa Waturuki, haiyeyuki ukiichoma. Umoja wa Ulaya uliisajili 2021 kwa majina yote mawili. Kahawa usiseme ni ya Kituruki ukiwa kusini, wala ya Kigiriki ukiwa kaskazini. Agiza kahawa.

Ulitaja "wadhamini". Waingereza bado wako huko kufanya nini? (Msomaji, Mwanza)

Walipoondoka 1960 walijibakizia vipande viwili, Akrotiri na Dhekelia, karibu asilimia 3 ya kisiwa. Si kambi za kukodi. Kisheria ni ardhi ya Uingereza. Ndege za kivita za kwenda Mashariki ya Kati zinarukia hapo. Mengine waliyoyaacha ni kuendesha gari kushoto na plagi ya pini tatu. Mgeni kutoka Dar au Nairobi hahitaji adapta, kaskazini wala kusini.

Wataungana? (Wengi)

Walikaribia mara moja kuliko zote. Kofi Annan wa Ghana alipokuwa Katibu Mkuu aliandika mpango wa shirikisho la majimbo mawili. Tarehe 24 Aprili 2004 kila upande ukapiga kura yake. Waturuki asilimia 65 wakasema ndiyo, Wagiriki asilimia 76 wakasema hapana. Wiki moja baadaye waliokataa wakaingia Umoja wa Ulaya, waliokubali wakabaki nje. Ukitaka kujua kwa nini Waturuki wengi wana uchungu, anzia hapo. Ukitaka kujua kwa nini Wagiriki walikataa, fikiria kuambiwa kwamba askari wa kigeni watabaki na kwamba nyumba yako huenda usiipate yote. Mazungumzo mengine makubwa yalivunjika Crans-Montana, Uswisi, Julai 2017. Oktoba 2025 Waturuki walimchagua Tufan Erhürman, anayetaka shirikisho, wakamwondoa Ersin Tatar aliyetaka nchi mbili. Mlango haujafungwa, ila mwenye ufunguo mmoja yuko Ankara.

Kazi moja inaendelea bila kungoja suluhu. Watu 2,002 waliorodheshwa kuwa walipotea katika miaka ile, Wagiriki 1,510 na Waturuki 492. Kamati ya pamoja inafukua visima na mashamba, na vijana wa pande zote mbili wanapanga mifupa kwenye maabara moja katika uwanja wa ndege wa zamani wa Nicosia. Zaidi ya 1,000 wamekwishatambuliwa na kurudishwa kwa ndugu zao wazikwe.

Mjukuu wangu wa darasa la tano anauliza kwa nini bendera ya Kupro ina ramani. (Bibi, Lamu)

Mwambie katiba ya 1960 ilitaka bendera isiyoegemea upande. Buluu ingekuwa ya Ugiriki, nyekundu ya Uturuki. Ikachaguliwa nyeupe, na juu yake umbo la kisiwa kwa rangi ya shaba, kwa sababu shaba kwa Kilatini, cuprum, ilipata jina lake kwenye kisiwa hicho. Chini kuna matawi mawili ya mzeituni. Aliyeichora ni İsmet Güney, mwalimu wa sanaa, Mkupro Mturuki. Leo inapepea kusini.